Sahani ya Mzee Lewa Yavunjwa Bofa

"Mama, kaa juu ya kochi. Watu wakikukuta hapo chini watasema nini?"

"Watasema ninaomboleza," Kadii akajibu, akainyoosha miguu yake juu ya marumaru ya mwanawe. "Ndilo ninalofanya."

Vivian, mkaza mwanawe, aliutazama mlango kana kwamba hao watu walikuwa wamekwisha jipanga nje, wakisubiri kusema. Akaleta mto mweupe, akamsukumia mkwewe kwa mguu, kisha akakumbuka adabu akauinamia na kuuweka vizuri kwa mkono. Kadii hakuukalia. Kwao Vitengeni mjane aliye hangani, katika maombolezo, hulala mkekani, huvaa kaniki, hampi mtu mkono wala hatii mbegu ardhini. Hakuwahi kusikia kwamba hupewa mto.

Mapajani mwake alikuwa amepakata kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na sahani iliyozongwazongwa leso. Ilikuwa sahani ya kaure, nyeupe, yenye maua ya samawati ukingoni na pengo dogo upande mmoja. Ndiyo aliyolia chakula marehemu mumewe, mzee Lewa, tangu walipooana. Katika ukoo wa Lewa hanga halifungwi kwa hotuba. Hufungwa siku sahani ya marehemu inapovunjwa na mwanawe mkubwa. Akishaivunja, mwana huyo hunyolewa, hukalishwa juu ya kiti cha babake, nduguze wote humwamkia kama baba, na yeye ndiye hutia mbegu ya kwanza shambani. Mwana akishakalishwa kitini, mjane huvua kaniki.

Mwana mkubwa alikuwa Sanga, mpokea wageni katika hoteli moja pale Bofa, na Sanga alikuwa na shughuli. Pasaka hoteli ilijaa. Baada ya Pasaka gari lilikuwa kwa fundi. Baada ya gari kutoka kwa fundi, Vivian hakujisikia vizuri. Mvua za mwaka zilikuwa zimekaribia, majirani wamekwisha piga mashimo ya mahindi, na shamba la Kadii limelala kama lilivyoachwa. Mwishowe shemeji yake, mzee Mwaringa, alimwita akamwambia: "Mpelekee sahani huko huko. Aivunje mlangoni pake, wewe uturudishie vipande. Tutamnyoa siku atakayokumbuka kwao. Lakini mvua haitamngoja yeye."

Basi Kadii alikuja.

Sanga aliingia jioni, amevaa shati la kazi lenye jina lake kifuani, akamwamkia mamake na kusikiliza habari ya sahani huku akisoma simu.

"Sawa, mama. Hilo si neno. Nitaivunja."

"Sasa?"

"Sasa?" Sanga akatazama sakafu. "Mama, marumaru haya ni mapya."

"Mlangoni, mwanangu. Nje."

"Nje kuna majirani. Mtu anaivunja sahani mlangoni pake jioni, si watadhani tunapigana na Vivian? Na jambo kama hili lataka utulivu. Kesho. Kesho ni Jumamosi."

"Kesho ni sherehe ya Gitau," Vivian akasema kutoka jikoni.

"Ndiyo, kesho ni siku ya kuzaliwa ya Gitau, tunakula kwa Mgiriki. Tukitoka huko, mama, tutapita ufukweni, nitaivunja kwa heshima zote."

"Mchangani haivunjiki."

"Basi getini. Mama, usiwe na haraka. Hili ni la mzee, halikimbii."

Kadii akaifunga upya leso ya sahani. Ni kweli, mzee alikuwa hakimbii.

*

Kundi la Sanga na marafiki zake liliitwa Familia. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye simu zao, na alama ya moyo mbele yake. Familia ilikuwa na sheria moja tu: siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, wote hufika mkahawa wa Kigiriki pale Bofa, wamevaa nyeupe na samawati, na asiyefika husemwa mpaka siku ya kuzaliwa itakayofuata. Sanga hakuwahi kukosa hata moja. Siku babake alipozikwa alifika watu wakiwa wanakung'uta mchanga mikononi, lakini sherehe ya Nelly ya mwezi ule ule alifika kabla ya meza kutandikwa.

Asubuhi Vivian alimtolea Kadii gauni la samawati.

"Vaa hili, mama. Hata kwa leo tu."

"Siwezi kuvua kaniki."

"Basi livae juu ya kaniki."

"Nitakuwa kama mtungi uliovikwa."

"Mama, picha zitapigwa!"

"Nipigeni mgongo."

Wakabishana hata Sanga akaamua kwamba nyeusi nayo ni rangi. Wakakubaliana pia, baada ya kubishana upya, kwamba kikapu kitakwenda. Kadii alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba sahani haitalala wala kushinda mahali asipokuwapo yeye. "Lakini kiweke chini ya meza," Vivian akasema. "Tafadhali, mama. Chini kabisa."

Mkahawa ulikuwa nyumba nyeupe yenye madirisha ya samawati, imekaa juu ya mwamba. Mgiriki mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Wengine walisema yuko Mombasa, wengine kwamba ni Mwitaliano wa Malindi aliyechoka na pitsa. Kilichokuwapo ni wahudumu, na Kadii alipowaona alisimama mlangoni akamshika Sanga mkono wa shati.

"Sanga. Wanaume hawa wamevaa hando."

Na kwa kweli hapakuwa na jina jingine. Kila mhudumu alikuwa amevaa sketi fupi nyeupe yenye marinda mengi, imefura kiunoni, sawasawa na hando za bibi zake Vitengeni waendapo ngomani.

"Si hando, mama. Ni vazi la mashujaa wa Ugiriki."

"Mashujaa wao walikuwa wanawake?"

Mhudumu wa kwanza, kijana wa Mambrui aitwaye Ubaid, aliyebandikwa masharubu ambayo upande mmoja ulikuwa umeanza kubanduka, alisikia akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Usinitazame sana, tafadhali. Nyumbani hawajui."

"Marahaba, mwanangu. Imekukaa vizuri. Ila marinda yako hayakupigwa sawa."

Mezani walikuwapo watu wa Familia. Gitau, mwenye siku yake, alikuwa mtu wa bara mwenye duka la pampu na matangi ya maji mjini Kilifi, mnene, mpole, na kichwani amevishwa taji la majani ya plastiki. Pembeni yake alikaa Nelly, mwenye saluni, ambaye ndiye aliyepanga kila kitu na hakuacha kukumbusha kwamba ndiye aliyepanga.

"Mama! Karibu! Umependeza na hiyo nyeusi. Nyeusi ni ya wenye pesa," Nelly akasema, akamnyooshea mkono.

Kadii akauangalia ule mkono, akarudisha wake ndani ya kaniki.

"Mama ana mafua," Sanga akasema haraka.

Kadii akamtazama mwanawe. Mafua. Hanga la babake limekuwa mafua.

Chakula kikaanza kuja katika visahani vidogo vidogo, na Sanga akajifanya mwalimu wa meza. Kadii aliokota tunda jeusi, akadhani ni zambarau, akaling'ata na kulitema kiganjani.

"Zambarau hizi zimeharibika."

"Ni zaituni, mama," Sanga akanong'ona.

"Mwambie aliyezichuma hazijaiva."

Likaja bakuli jeupe. Sanga akaeleza kwamba hicho ni kitu cha pekee, Wagiriki wamekila tangu zama za kale, kina siri zake. Kadii akachovya kidole.

"Si maziwa lala haya, yametiwa matango?"

Gitau akacheka mpaka taji likamwangukia puani. "Mama amesema kweli! Miaka yote nakula hii nikidhani ni dawa."

Vikaja vipande vya nyama kwenye vijiti, na Kadii akavifurahia kwa sababu mshikaki anaujua hata ukipewa jina la ugenini. Ukaja wali uliofungwa ndani ya majani, akauacha. Kwao kitu kilichofungwa majanini namna ile hupewa mgonjwa. Alipomaliza akajipangusa kwa pindo la kaniki, na Vivian akafumba macho.

"Na wewe, mama, siku yako ya kuzaliwa ni lini?" Nelly akauliza. "Tukufanyie na wewe!"

"Mwaka wa nzige."

"Tarehe gani?"

"Nzige hawakuja na tarehe."

Meza ikacheka. Kadii hakuona la kuchekesha, lakini hakuchukia. Walikuwa wakicheka kama watoto walioshiba. Alichokichukia ni kimoja: Sanga alicheka kwa sauti kuliko wote, akampigapiga mamake bega kama mtu aoneshaye mbuzi wake mnadani. "Mama yangu, jamani! Hamumwezi!"

Akainama akamwambia sikioni, "Mwanangu, getini."

"Nimekwambia tukitoka, mama. Bado keki."

*

Baada ya keki muziki ukapandishwa. Wahudumu wakaja kwa foleni, hando zikipepea, kila mmoja amebeba sahani nyeupe za chokaa zilizotengenezwa ili zivunjwe tu, na Nelly akapanda juu ya kiti kutoa maelezo.

"Sasa! Kwa wageni wasiojua! Wagiriki wakifurahi sana huvunja sahani. Mwenye siku yake anaanza, sisi sote tunasema Opa!"

Kadii alidhani hakusikia vizuri.

"Wanavunja sahani?" akamwuliza Ubaid aliyekuwa nyuma yake. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Wanafurahi tu."

"Wanafurahi nani amekufa?"

Ubaid akabandika tena masharubu yake. Gitau alikuwa amekwisha simama. Alinyanyua sahani ya kwanza, akaitupa, nayo ikaangukia mkeka, ikalala chali, nzima. Watu wakazomea kwa furaha. Ya pili ikabiringika hadi ukutani kama gurudumu. Hapo zile nyingine zikawa zimekwisha gawiwa meza ya Wazungu, na Ubaid akatumwa stoo kuleta zaidi.

"Tusingoje! Tusingoje!" Nelly akapiga kelele. Akainama kutafuta chochote, na chini ya meza, katika kikapu ambacho leso yake ilikuwa imefunguka, akaona ukingo mweupe wenye maua ya samawati. Rangi zenyewe za siku.

"Jamani, mama amekuja na yake!"

Kadii alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Hapana. Hiyo hapana. Sanga!"

Sanga alikuwa upande wa pili wa meza, simu imeinuliwa usoni, anapiga picha za video. Aliiona sahani ikipita mikononi mwa Nelly hadi mikononi mwa Gitau. Ndani ya kile kioo kidogo aliliona pengo lake, ambalo yeye mwenyewe alilitia akiwa mtoto, siku alipopigania ukoko wa wali ulioachwa na babake. Aliliona, na hakuliona.

"Vunja!" Sanga akapiga kelele. "Gitau, vunja!"

"Sanga!"

Safari hii Gitau hakutupa mkekani. Sahani ilipiga mwamba mtupu wa ukingo, ikapasuka kwa mlio mkali ambao zile za chokaa hazingeuweza kamwe.

"Opa!" Familia ikaitikia.

Kadii alipiga magoti akaanza kuokota. Mhudumu mmoja akaja na ufagio, "Acha tutafagia, mama." Vivian akamwinamia, "Mama inuka, mama watu wanatazama." Kadii aliendelea kuokota. Alikiokota kipande chenye pengo, akakiweka kwenye leso peke yake, kisha vingine. Muziki ulikuwa haujanyamaza. Alipoinua macho alimkuta Gitau amepiga magoti mbele yake, taji mkononi, jasho linamtoka.

"Mama, nimevunja nini?"

Akamwambia. Hakusema mengi: sahani ya nani, na ilikuwa ivunjwe na nani, na ya nini. Gitau akasikiliza akiwa kwenye magoti yake manene, na kwa kila neno rangi ikamtoka.

"Ah, mama, sahani ni sahani!" Sanga akasema, amefika mwishowe, simu ingali mkononi. "Usijali. Nitakununulia seti nzima."

*

Nyumbani, Sanga alimkalisha mamake mezani, yaani yeye alikaa mezani na mamake akakaa chini.

"Tulitaka ivunjwe, imevunjika. Si ndiyo? Kazi imekwisha. Wewe wapelekee vipande, waambie nimevunja mimi."

"Umevunja wewe?"

"Nilikuwepo. Nilisema vunja. Ni sawa na kuvunja."

"Hata mimi nilikuwepo."

"Mama, fikiri. Ukiwaambia ukweli watasema hanga halifungiki, maana sahani haipo tena. Utavaa kaniki mpaka ufe. Hutalima. Ni kwa faida yako." Akashusha sauti. "Na ni kwa ajili ya kiti cha baba. Utampa nani? Mtu wa matangi?"

Hilo Kadii aliliwaza usiku kucha mkekani. Mwanawe alikuwa mjinga katika mengi, lakini hapa hakuwa mjinga. Sahani ilikuwa moja. Akisema kweli, wazee wangeweza kumwacha hangani bila mlango wa kutokea. Akisema uongo, keshokutwa angekuwa shambani na jembe. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu. Sanga. Alikuwa amelisema maelfu ya mara.

Asubuhi Gitau akaja na pikapu ya duka, iliyochorwa pampu ubavuni. Hakuvaa taji.

"Nitampeleka mama," akasema.

"Gitau, wacha mchezo," Sanga akacheka. "Wale wazee watakutoza mbuzi."

"Nimevunja cha mtu, Sanga. Nitaenda niseme pole. Wewe huji?"

"Nina zamu."

*

Wazee wa ukoo walikaa uani mwa marehemu Lewa, juu ya vigoda. Vipande viliwekwa chini, juu ya leso. Mzee Mwaringa akavigeuzageuza kwa fimbo, akaridhika.

"Imevunjika vizuri. Mwana amejitahidi. Haya, Mama Sanga, tamka. Ni mkono wa nani?"

Kadii aliangalia shamba nyuma yao. Kulikuwa na harufu ya mvua upande wa baharini. Alifungua kinywa ili aseme Sanga, na jina likaja hadi kwenye meno likakataa kutoka. Alikuwa amekaa hangani miezi yote ile bila kumwambia marehemu uongo hata mmoja.

"Si Sanga," akasema. "Ni huyu."

Wazee wakageuka wakamtazama Gitau. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Huyu nani?"

"Huyu wa pampu?"

"Sahani ya Lewa ilikwenda Bofa ikarudi na mtoto wa bara!"

"Na mnene hivi! Atakikalia kile kiti kweli?"

Kadii akawasimulia yote, kuanzia keki hadi hando za wahudumu. Mzee mmoja, Kasiva, ambaye kazi yake katika kila kikao ilikuwa kukataa, akakataa. "Hanga limebaki wazi. Sahani imevunjwa mchezoni, na mgeni, mbele ya wanaume waliovaa hando. Hapa hakuna kitu. Mjane na akae."

Kadii akauvuta upindo wa kaniki. Ndilo hilo Sanga alilomwambia.

Mwaringa aliiweka fimbo chini. Alimgeukia Gitau, aliyekaa chini kama mshitakiwa.

"Ulipoivunja ulisema neno?"

"Nilisema Opa, mzee."

"Maana yake?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Tunasema tu."

Mwaringa akatikisa kichwa polepole. "Hata sisi kuna maneno ya hangani tunayasema tu. Una baba?"

"Alifariki, mzee. Ile miaka ya korona. Barabara zilifungwa." Gitau akatazama viganja vyake. "Nilimzika kwenye simu. Mtandao ukakatika kabla ya mchanga."

Hakuna aliyecheka. Hata Kasiva alikohoa, akatazama pembeni.

"Basi hujanyolewa," Mwaringa akasema.

"Sijanyolewa, mzee."

"Sikilizeni. Lewa alikuwa na sahani moja, nayo imekwisha. Hatuwezi kuigundisha ili kumfurahisha Sanga. Sheria yetu haikuuliza mtu alizaliwa wapi wala alikuwa na furaha gani. Yauliza mkono. Mkono huu hapa, umekuja wenyewe bila kufuatwa na sahani. Wa Sanga uko wapi?"

"Huo una zamu," Kadii akasema.

"Na shamba?" Kasiva akauliza. "Tumgawie shamba pia?"

"Shamba sitaki," Gitau akasema upesi. "Nipeni kazi tu."

"Na mjane je, naye amrithi?"

"Mjane ana meno yake, Kasiva," Kadii akamwambia. "Njoo uyahesabu."

Hapo ndipo wazee walipocheka, na kwa wazee wale kicheko kilikuwa ni kupitisha. Gitau akanyolewa pale pale kwa wembe wa Mwaringa, akakatwa mara mbili maana kichwa chake kilikuwa na mikunjo. Akakalishwa juu ya kiti cha Lewa, na wadogo zake Sanga wakamwamkia mmoja mmoja. Kiti kikalia lakini hakikuvunjika. Akapewa kata ya mnazi, pombe ya wazee, anywe kwanza, naye asiyeujua akauvuta wote kwa mara moja, na jioni yote alikuwa akiwaita wazee wanangu. Mbuzi alimlipa mwenyewe bila kuombwa. Kulipokucha Kadii alivua kaniki, akajifunga leso nyekundu, akampa mkono kila aliyekuwapo.

*

Sanga alipiga simu baada ya mvua ya kwanza. Ilipokelewa na Mwaringa.

"Shikamoo, baba mdogo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Shambani, pamoja na babako."

Sanga akaibana simu sikioni. "Baba yupi?"

"Wewe una wangapi? Alikuja tangu jana na mbegu. Amefunga na pampu kisimani. Ila hajui kushika jembe, analima kama anayeua nyoka."

"Baba mdogo, hayo ni makosa. Mimi ndiye mkubwa. Kiti ni changu. Nakuja sasa hivi, na sahani nyingine. Nimekwisha inunua."

"Njoo nayo," Mwaringa akasema. "Hatuna vyombo vya kutosha."

Alifika mchana na Vivian, gari limejaa matope, viatu vyake vyeupe vikitafuta pa kukanyaga. Chini ya kwapa alibeba sahani mpya ndani ya sanduku la duka. Majirani waliokuwa wakipanda mashamba ya jirani waliacha majembe yao wakasogea mipakani, maana habari ilikuwa imewatangulia na hapakuwa na haja ya kujifanya wanafanya lingine.

Gitau alikuwa kwenye mstari wa kwanza, kipara chake kinang'aa, mikono imejaa malengelenge, anahema. Kadii alikuwa nyuma yake na kibuyu cha mbegu, anafukia kwa kisigino.

"Gitau, inatosha sasa," Sanga akasema. "Umetusaidia, asante. Nipe hilo jembe."

Gitau akataka kumpa. Alikuwa amechoka sana, na hakuwa na kinyongo. Kadii akanyoosha mkono akalizuia jembe katikati yao.

"Kwanza mwamkie."

"Nani?"

"Babako."

"Mama! Huyu ni Gitau. Tumekula naye. Mimi nimemzidi umri!"

"Ulimwambia avunje, akavunja. Hakuna mtoto wa nyumba hii anayeshika jembe bila kumwamkia mwenye kiti. Nduguzo wote wamekwisha mwamkia. Bado wewe."

Sanga akamtazama Vivian. Vivian akatazama mipakani, ambako wale watu aliowaogopa siku zote walikuwa wamejipanga kweli, wamekunja mikono, wanasubiri. Mawingu yakaanza kushuka. Gitau aliinama akamnong'oneza rafikiye, "Sema tu, ndugu yangu. Mimi nilisema Opa."

Sanga akainamisha kichwa. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya kupokea wageni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Gitau akajibu, macho chini, kwa aibu.

"Hakusikika," jirani mmoja akasema.

"Shikamoo, baba!"

Kadii hakucheka, wala hakumwonea huruma. Aliitwaa ile sahani mpya kutoka kwapani mwa mwanawe, akaitoa sandukuni, akamimina humo mbegu za mahindi. Akamrudishia mikononi, na jembe juu yake.

"Anza pale," akasema. "Na uvue viatu."